Mmea hukua kwa kuachia breki

Waheshimiwa wenyeji wetu, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliokubali kuacha shughuli zenu mje kusikiliza habari za viumbe wasiosema wala kutembea, asanteni sana.

Naanza na mbegu ya haragwe. Ifukie kinyume, pale unapotokea mzizi paelekee juu. Rudi baada ya siku chache, fukua taratibu kwa vidole. Utakuta mzizi umechomoza kuelekea juu, ukaghairi, ukapinda kama ndoana na kuteremka. Chipukizi nalo limezunguka upande wa pili likapanda. Mbegu haina macho, haina neva, haina ubongo. Hata seli zake haziwezi kusogea, kwa sababu kila moja imejengewa ukuta na kugandishwa kwa jirani yake tangu siku ilipozaliwa. Katika kiinitete cha mnyama seli huhama: hutoka huku zikaenda kule, zikakutana na wenzao zikaunda moyo au uso. Seli ya mmea iliyozaliwa pembeni itafia pembeni. Hata hivyo kutokana na seli hizi zilizofungwa mahali pamoja hutokea mizizi, majani, mishipa ya maji na maua, kila kitu kwenye nafasi yake.

Nani anatoa amri? Hilo ndilo swali lililonileta hapa.

Jibu langu ni fupi na nitalitetea kwa muda wote nilionao. Ndani ya seli ya mmea, amri nyingi hazitolewi kwa kusukuma. Hutolewa kwa kuachia breki. Seli iko tayari kukua, iko tayari kugawanyika, ni kama gari lililowashwa likaegeshwa mteremkoni, na kinacholizuia ni protini fulani iliyokalia jeni zake. Homoni ikifika, kazi yake ni kumwondoa mzuiaji. Wazee walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Walikuwa wanazungumzia gogo. Mti ulio hai unataka kwenda wenyewe, na kazi kubwa ni kuuzuia mpaka wakati wake ufike.

Habari yenyewe ilianza kwa baba na mwana. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza majaribio waliyoyafanya kwa machipukizi ya nyasi. Chipukizi la nyasi hutoka ardhini likiwa limevikwa ala nyembamba, na ala hiyo ikimulikwa upande mmoja hupinda kuuelekea mwanga. Walipoivisha ncha yake kofia isiyopitisha mwanga, haikupinda. Walipofunika sehemu ya chini, pale hasa panapopinda, wakaiacha ncha wazi, ilipinda kama kawaida. Kwa hiyo ncha ndiyo inayoona, na chini ndiko kunakotii. Lazima kati yao kuna mjumbe.

Mjumbe huyo alikamatwa mwaka 1926 na Mholanzi kijana, Frits Went. Alikata ncha za machipukizi ya oti, akaziweka juu ya vipande vya agari, ile jeli ya maabara, akaziacha kwa muda. Kisha akazitupa ncha, akachukua kipande cha jeli peke yake na kukibandika upande mmoja wa kisiki cha chipukizi kilichokatwa, gizani. Kisiki kikapinda kana kwamba kimeona mwanga. Kitu kilichotoka kwenye ncha kilikuwa kimeingia ndani ya jeli, na Went alikuwa amekishika mkononi. Kiliitwa auksini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukua. Baadaye ilibainika kwamba auksini kuu ya mimea ni asidi ya indoli-asetiki: kaboni 10, hidrojeni 9, nitrojeni 1, oksijeni 2. Atomi 22 tu.

Hapo ndipo palipoanza kuumiza watu vichwa. Molekuli hiyo moja hupindisha chipukizi, huotesha mizizi ya pembeni, huchora mishipa ya jani, huzuia matumba ya ubavuni yasichipue, na hukuza tunda. Atomi 22 zitabebaje maagizo yote hayo? Kwa miaka mingi watafiti walitafuta kipokezi cha auksini, na wengi wao, nadhani, walitarajia kitu kinachofanana na vipokezi vya wanyama: protini iliyokaa kwenye utando wa seli kama kengele ya mlangoni, homoni inabonyeza, ndani kunalia. Walitafuta kengele. Kilichopatikana kilikuwa machinjioni.

Naona kule nyuma mnacheka, lakini neno hilo sikulichagua kwa mzaha. Ndani ya kiini cha seli kuna protini zinazokaa juu ya jeni za ukuaji, tayari kuziwasha. Wataalamu huziita ARF. Juu yake zimekalia protini nyingine, Aux/IAA, na hizi ndizo breki. Maadamu breki zipo, jeni zimenyamaza. Pembeni kuna protini iitwayo TIR1, ambayo ni sehemu ya mtambo unaozipiga protini nyingine muhuri wa kifo, kijiprotini kidogo kinachoitwa ubikuitini. Protini iliyopigwa muhuri huo hupelekwa kwenye proteasomu, kinu cha seli, ikasagwa. Mwaka 2005 maabara mbili, moja ikiongozwa na Mark Estelle nchini Marekani na nyingine na Ottoline Leyser nchini Uingereza, zilionyesha kwamba auksini hujishika kwenye TIR1 yenyewe. Miaka miwili baadaye picha ya umbo la molekuli hizo ilitoka, na ilikuwa rahisi kuliko watu walivyodhani. TIR1 ina kishimo. Auksini huingia humo ikakaa, na breki huja kukaa juu yake. Auksini haibadilishi umbo la kitu chochote kwa kishindo. Inaziba tu mwanya uliobaki kati ya mnyongaji na mnyongwa, kama gundi kati ya mbao mbili. Wakishikana, muhuri unapigwa. Breki inasagwa, ARF inabaki huru, jeni zinawaka.

Hebu tafakarini hasara yake. Seli inatengeneza breki hizi usiku na mchana kwa gharama ya nishati, na baadhi yake hazimalizi hata dakika kumi kabla ya nusu yake kusagwa. Ni kama fundi anayejenga ukuta asubuhi akijua saa nne utabomolewa, na saa tano anajenga tena. Mhasibu angemfukuza. Lakini ndiyo bei ya wepesi: auksini ikija breki zinakwisha kwa dakika, ikiondoka zinarudi kwa dakika. Kiumbe kisichoweza kukimbia jua, ukame wala mdudu kinahitaji wepesi wa aina hiyo ndani ya seli kwa kuwa nje hakina.

Ile tabia ya kuchinja protini si ya auksini peke yake. Mmea unaotumika zaidi maabara ni Arabidopsis, gugu dogo la jamii ya haradali, linalomaliza maisha yake kwa wiki sita hivi, na ambalo mwaka 2000 lilikuwa mmea wa kwanza kusomewa jenomu yake. Lina jeni za protini zipatazo 27,000. Kati ya hizo, takribani 700 ni za familia ya TIR1, yaani protini zinazoteua nani apigwe muhuri. Sisi binadamu, pamoja na majivuno yetu, tuna takribani 70.

Wakulima walitumia mlango huu miongo mingi kabla ya kujua kwamba upo. Dawa ya magugu ya 2,4-D, iliyoingia sokoni miaka ya 1940, ni auksini ya bandia. Inakaa kwenye kishimo kilekile, ila mmea wenye majani mapana hauwezi kuivunja upesi kama unavyovunja auksini yake. Breki zinasagwa bila kikomo. Gugu halifi kwa njaa wala kwa kuungua. Linajisokota, linavimba, linakua ovyo mpaka linajimaliza. Mwenye mashaka na hoja yangu ya breki na alitazame shamba lililopuliziwa dawa hiyo baada ya siku tatu.

Sasa twende kwa homoni ya pili, maana hii imelisha watu. Mwaka 1926 huohuo, Mjapani Eiichi Kurosawa alikuwa anachunguza ugonjwa unaofanya miche ya mpunga irefuke kupita kiasi, iwe myembamba, ianguke. Aligundua kwamba kuvu anayeleta ugonjwa hutoa kitu fulani, na kitu hicho peke yake, bila kuvu, kinairefusha miche. Kikaitwa jibereli, kwa jina la kuvu huyo. Baadaye ilionekana kwamba mimea yenyewe inaitengeneza na kuitumia kurefusha mashina. Breki yake inaitwa DELLA, na jina hili si la mtu: ni herufi za asidi amino tano zinazofuatana katika kipande chake kimoja. Jibereli ikishikana na kipokezi chake, vyote viwili hukikamata kipande hicho, DELLA inapigwa muhuri, inasagwa, shina linarefuka. Mnaona ni hadithi ileile yenye majina mengine.

Mambo yanakuwaje kipande hicho kikikosekana? Breki inabaki nzima, inakaza vizuri kabisa, lakini haisikii tena amri ya kuachia. Shina linabaki fupi. Ngano ya Kijapani iitwayo Norin 10 ilikuwa na hitilafu ya namna hiyo, na mtaalamu wa mbegu Norman Borlaug aliiingiza katika mbegu alizozizalisha Mexico. Ngano ndefu ukiipa mbolea nyingi huzaa suke zito, na upepo ukija inalala chini. Ngano fupi husimama. Borlaug alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, na jeni zenyewe zilikuja kutambuliwa mwaka 1999. Kwa hiyo kwa miaka karibu thelathini dunia ilikuwa inakula mkate wa breki iliyogoma, wala hakuna aliyejua ni breki. Mpunga mfupi IR8, uliotolewa mwaka 1966, ulifika hapohapo kwa njia ya uchochoro: breki yake ni nzima na inasikia, ila kimeng'enya kimoja cha kutengeneza jibereli kina kasoro, hivyo amri ya kuachia inakuja kwa mnong'ono.

Mtaniuliza: haya, breki zimeachiwa, seli inakua. Lakini breki ziachiwe wapi? Zikiachiwa kila mahali tutapata donge, hatutapata mmea. Hapa inabidi nitoke ndani ya seli moja niende kwa jirani zake.

Nje ya seli, ndani ya ule ukuta, pana uasidi kiasi, pH kama 5.5. Ndani ya seli ni kama 7. Katika uasidi wa nje sehemu ya auksini haina chaji, na hiyo hupenya utando bila shida. Ikiingia ndani inapoteza protoni, inapata chaji, na utando unaikatalia kutoka. Imenaswa. Itatoka tu ikifunguliwa mlango maalumu. Wazo hili liliandikwa mwaka 1974 na Rubery na Sheldrake, na mwaka uliofuata na Raven, kabla hata mlango mmoja haujaonekana kwa macho. Ninalipenda sana kwa sababu lilitokana na kemia ya kawaida na karatasi, na likawa kweli. Wazo linasema hivi: seli ikiweka milango yake yote upande mmoja, auksini itatoka upande huo tu. Zipange seli kumi, kila moja na mlango wake chini, umepata mto unaoteremka, ingawa hakuna bomba.

Milango ilipatikana mwaka 1998, nayo inaitwa PIN. Jina limetokana na mmea uliopotewa na jeni hiyo, Arabidopsis ambayo shina lake la maua halitoi ua wala jani: limesimama tupu kama sindano. Mwaka 2000 watafiti walichukua shina la namna hiyo, wakaweka tone la mafuta mazito lenye auksini ubavuni mwa kilele chake. Pale walipoweka tone, palichipuka ua. Hawakuongeza jeni wala kutibu kasoro yoyote. Walipeleka tu molekuli mahali ambapo mmea wenyewe ulishindwa kuifikisha.

Ndiyo sababu majani hupangika kwa utaratibu ule unaowavutia wapiga picha. Kileleni, milango ya PIN huielekea seli jirani ambayo tayari ina auksini nyingi, hivyo aliyenacho anaongezewa. Auksini hurundikana mahali pamoja, breki zinaachiwa, jani linaanza. Lakini mrundiko huo umenyonya auksini ya jirani zake wote, na jani la pili haliwezi kuanza karibu. Linaanza mbali kadiri linavyoweza, na katika mimea mingi umbali huo unakuwa pembe ya nyuzi 137.5 hivi. Hakuna seli iliyopima pembe. Ni matokeo ya kugombea.

Je, seli yenyewe inajuaje kwamba yenyewe ni ya mzizi au ya ganda, ya ndani au ya nje? Kuna jaribio moja la mwaka 1995 ambalo, ningeamriwa kubaki na jaribio moja tu katika somo langu lote, ningebaki nalo. Mzizi wa Arabidopsis una seli chache zilizopangika kwa nidhamu, mstari kwa mstari, kiasi kwamba unaweza kuutaja ukoo wa kila moja. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliua seli moja moja kwa leza. Walipoua seli mama ya tabaka fulani, seli ya ukoo jirani ilitanuka ikajaza pengo. Mzizi ungekuwa unafuata ukoo, mgeni huyo angeendelea na desturi za kwao. Hakufanya hivyo. Alipoingia nafasi ya marehemu alichukua kazi ya marehemu, akazaa watoto wa aina ya marehemu. Maana yake seli ya mmea haikariri nasaba yake. Kila siku inauliza, niko wapi, na majirani wanaijibu.

Majibu mengine huja kwa miguu. Katikati ya mzizi hutengenezwa protini iitwayo SHORT-ROOT, na mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba protini hiyo huvuka kupitia vijinjia vinavyounganisha seli kwa seli hadi tabaka linalofuata. Huko inamkuta mwenzake, SCARECROW, anayeishika na kuifungia ndani ya kiini cha seli isiendelee mbele. Ndiyo maana tabaka la endodemisi, lile linalokagua kila kinachoingia kwenye mishipa, huwa moja tu. SCARECROW ikipungua, SHORT-ROOT hutoroka na matabaka yanaongezeka.

Nimefika kileleni sasa, mahali ninapopapenda kupita pote. Kileleni mwa kila chipukizi kuna kijieneo kiitwacho meristemu, chenye seli shina, na hapa jina hili linafaa mara mbili. Kutoka kwenye seli hizo chache hutengenezwa kila kitu kilicho juu ya ardhi, hata katika mti ulioishi karne nyingi. Zikiisha, mmea umekoma. Zikizidi, kilele kinavimba na kuharibika. Zinahesabiwaje?

Chini yake kidogo kuna seli zinazotengeneza protini ya WUSCHEL. Jina ni la Kijerumani, na maana yake inakaribia nywele timtim, kwa sababu mmea usio nayo huota vijani ovyoovyo bila kilele cha maana. WUSCHEL hupanda hadi kwenye seli shina na kuziambia zibaki seli shina. Seli shina nazo hutoa kipande kifupi cha protini, CLAVATA3, kinachorudi chini kumpunguza WUSCHEL. Seli shina zikizidi, CLAVATA3 inazidi, WUSCHEL inapungua, seli shina zinapungua. Zikipungua, breki inalegea, WUSCHEL inapanda tena. Anayelindwa ndiye anayemshika mkono mlinzi wake asizidishe. Hakuna mwenyekiti wa kikao hiki, na mimi nimeacha kumtafuta.

Kama mnataka kuiona breki hiyo kwa macho, kateni nyanya. Nyanya mwitu ni tunda dogo lenye vyumba viwili vya mbegu. Nyanya kubwa, ile nene yenye mabonde, ina vyumba vingi, wakati mwingine vinane na zaidi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na mabadiliko mawili: moja karibu na jeni ya WUSCHEL ya nyanya, na jingine lililoidhoofisha CLAVATA3 yake. Kilele kikawa kipana, ua likapata kapeli nyingi, vile vipande vya ua vinavyogeuka kuwa tunda, tunda likapata vyumba vingi. Ngano ilitupa mavuno kwa breki isiyoachia, na nyanya kwa breki iliyolegea. Waliozichagua mbegu za nyanya hizo, vizazi vingi kabla ya maabara ya kwanza, walikuwa wanarekebisha breki kwa macho na vidole tu.

Niseme kidogo kuhusu wizi. Kuna bakteria wa udongoni, Agrobacterium, anayeingia kwenye jeraha la mmea na kupandikiza kipande cha DNA yake ndani ya jenomu ya seli. Humo mna jeni za kutengeneza auksini na jeni ya kutengeneza sitokinini, homoni ya kugawanyika kwa seli. Seli inaanza kujipa amri yenyewe, haiulizi tena majirani, na donge linaota. Katika miaka ya 1940 Armin Braun alionyesha kwamba donge linaendelea kukua hata bakteria wakiondolewa wote. Mwizi ameondoka, funguo zimebaki ndani.

Auksini na sitokinini zikiwekwa kwa mkono wa binadamu hufanya mambo ya ajabu vilevile. Mwaka 1957 Skoog na Miller walionyesha kwamba kipande cha tishu ya tumbaku kikipewa auksini nyingi na sitokinini kidogo huota mizizi, na kinyume chake huota machipukizi. Mimi nililithibitisha jambo hilo bila kutaka. Nilikuwa mwanafunzi, nikabandika lebo za chupa mbili kinyume, na baada ya wiki kadhaa nilipofungua kabati ili nimwonyeshe msimamizi wangu machipukizi yangu, nilimwonyesha makopo yaliyojaa mizizi myeupe, mizuri, isiyo na kazi. Alitazama kwa muda mrefu akaniambia, "Kanuni inafanya kazi. Wewe bado."

Kwa kuwa nimekiri hilo, nikiri na lingine. Hoja yangu ya breki haienei kila mahali. Hiyo sitokinini, kwa mfano, haianzi kwa kusaga chochote: kipokezi chake hupitisha fosfeti kutoka protini moja hadi nyingine, kama kijiti cha mbio za kupokezana, mpaka ifike kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Huko ni kusukuma hasa. Halafu kuna asidi ya absisi, homoni ya ukame, inayofunga vile vijitundu vya jani tunavyoviita stomata. Jani likikosa maji homoni hii hupanda. Kipokezi chake, kilichotambuliwa mwaka 2009, huikamata breki na kuishikilia bila kuivunja. Kimeng'enya kilichokuwa kimebanwa kinapata uhuru, kinafungua njia za ayoni, yaani chembe zenye chaji, ayoni zinatoka, maji yanazifuata, seli mbili za mlangoni zinanywea, tundu linafumba. Yote hayo ndani ya dakika. Breki ipo, lakini imeshikwa mkono tu, na mvua ikinyesha itarudi kazini.

Na kuna seli ambazo breki ya mwisho kuachiwa kwao ni ya kifo. Mrija wa zailemu unaopandisha maji hutengenezwa na seli zinazojijengea kuta imara za lignini, kisha zikajiyeyusha zenyewe zibaki tupu. Mwaka 2005 jeni mbili, VND6 na VND7, zilitambuliwa kuwa swichi za safari hiyo. Ukiziwasha katika seli ya jani isiyohusika, nayo inajijengea mapete ya mrija na kufa. Mti mrefu kuliko yote duniani unakunywa kupitia maiti zilizopangwa kwa ustadi.

Nimerudi kwenye mbegu yangu iliyofukiwa kinyume. Nchani mwa mzizi kuna seli zenye chembe nzito za wanga. Mbegu ikigeuzwa, chembe hizo huanguka upande wa chini mpya wa seli, kama changarawe ndani ya chupa. Milango ya PIN huhamia upande huo, auksini inarundikana chini. Katika chipukizi, upande wa chini wenye auksini nyingi unarefuka zaidi, nalo linapinda kwenda juu. Katika mzizi auksini ileile kwa wingi uleule inazuia urefukaji, upande wa juu unaupita wa chini, na mzizi unateremka. Mjumbe mmoja, ujumbe mmoja, watii wawili wasioelewana.

Hadi hapo hoja yangu ingekaa vizuri, nami ningeshuka jukwaani kwa furaha. Lakini mwaka 2018 watafiti waliotumia hadubini kuangalia mzizi ukiwa unakua walipima ni muda gani unapita kati ya auksini kufika na mzizi kupunguza mwendo. Sekunde 30 hivi. Hesabu wenyewe: kusaga breki, kuwasha jeni, kuandika RNA, ile nakala ya jeni, kutengeneza protini, kazi hiyo huchukua dakika nyingi. Mzizi ulikuwa umeshatii kabla amri haijasomwa. Na jambo hilo la haraka linahitaji vipokezi vilevile vya TIR1 na ndugu zake, vile nilivyowaeleza muda wote huu kuwa ni wachinjaji wa breki. Kumbe wana kazi ya pili. Mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba TIR1 yenyewe inaweza kutengeneza AMP ya mviringo, mjumbe mdogo ambaye kwa muda mrefu wengi walibisha kama ana nafasi yoyote ya maana katika mimea.

Kwa hiyo wanafunzi mlioandika "breki" kwenye daftari zenu, msiifute, lakini acheni nafasi chini yake. Maswali?